Dunga: Ufuo wa kujifunzia jinsi mawimbi yanavyohesabiwa

Ukiwa mjini Kisumu na unataka kuliona ziwa lenyewe, si lile la kwenye kadi za posta, usitosheke na bandari. Panda tuktuk au bodaboda, shika njia ya kusini, ipite hifadhi ya swala iliyoanzishwa mwaka wa 1992, uiache nyuma Hippo Point ambako watu huenda kulitazama jua likizama, kisha uendelee mpaka pua ikuambie kwamba umefika. Harufu ya samaki wabichi, moshi wa kuni na mafuta ya kukaangia ndiyo mabango ya Dunga.

Hiki ni kijiji cha wavuvi, kilomita chache tu kutoka katikati ya jiji. Mashua za mbao zilizopakwa rangi za kila aina hulala kando kando ufuoni. Nyuma yake kuna kinamasi cha mafunjo, makao ya ndege wasioonekana kwa urahisi mahali pengine, wakiwemo wale ambao hawaishi ila katika mafunjo. Akina mama huparua magamba, vijana hubeba ndoo, na wateja kutoka mjini huchagua ngege, mbuta au kamongo. Wenyeji hawaliiti ziwa hili Victoria. Kwao ni Nam Lolwe.

Lakini wiki hii, mpenzi msomaji, hatukupeleki Dunga kula samaki pekee. Tunakupeleka kutafuta maana ya namba moja.

Namba yenyewe ni 92.1. Hapa Dunga ndipo lilipojenga makao yake shirika la OSIENALA, yaani Marafiki wa Ziwa Victoria, lililoanza mwaka wa 1992. Shirika hilo lilianzisha kituo cha Radio Lake Victoria ili wavuvi, wakulima na wachuuzi wa ufuoni wapate habari za ziwa lao kwa lugha yao. Wasikilizaji walikijua kituo hicho kwa namba hiyo: 92.1 FM.

Sasa muulize mtoto wako: tisini na mbili nukta moja ya nini? Wengi wetu tumezungusha kitufe cha redio tangu utotoni bila kujiuliza swali hilo. Jibu ni hili. Mlingoti wa kituo cha namba hiyo hutoa mawimbi 92,100,000 katika kila sekunde moja. Milioni tisini na mbili na laki moja! Hayo ndiyo yanayoitwa masafa, na kipimo chake ni hezi. Hezi milioni moja ni megahezi moja.

Swali la pili ndilo gumu zaidi. Ni nani aliyeketi akayahesabu? Jicho haliyaoni, na hata kama lingeyaona, kope hazijafumba na kufumbua kabla mamilioni hayajapita.

Masikio yalipokuwa mizani

Simama ufuoni na uitazame Ghuba ya Winam. Mwaka wa 1931 shirika la ndege la Uingereza, Imperial Airways, lilifungua njia ya kutoka London hadi Mwanza, na Kisumu ikawa kituo muhimu. Ndege zenyewe zilitua majini kama bata. Kuanzia 1937 zilikuja kubwa zaidi, zikitoka Southampton na kuteremka mpaka Durban, zikipitia hapa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Kisumu ilikuwa pia katika njia ndefu iliyounganisha Durban na Sydney.

Miongoni mwa wafanyakazi wa ndege hizo kubwa alikuwamo fundi wa redio. Kazi yake haikuwa mchezo. Iwapo redio ya ndege na ile ya nchi kavu zimepishana masafa, rubani anaita na hakuna anayemsikia, ilhali mvua imefunga na mafuta yanapungua. Kwa hiyo masafa yalipimwa, ila si kwa kuhesabu. Yalipimwa kwa masikio.

Kulielewa jambo hili, mtafute mpiga nyatiti. Ala hiyo ya Waluo ina nyuzi 8. Mpigaji akitaka nyuzi mbili zitoe sauti moja, huzipiga pamoja na kusikiliza. Zikiwa zimekaribiana lakini hazijalingana, sauti huyumba: waa, waa, waa. Kadiri anavyozikaza na kuzilegeza ndivyo kuyumba kunavyopungua, mpaka kunakoma kabisa. Hapo zimelingana.

Mafundi wa redio walifanya vivyo hivyo. Walichanganya wimbi wasilolijua na wimbi wanalolijua kutoka katika kifaa chao, wakavaa visikilizio masikioni na kuzungusha kitufe. Mluzi ulishuka, ukawa mnguruo, kisha ukanyamaza. Hapo walisoma namba kwenye kitufe, wakafungua jedwali na kupiga hesabu. Njia hii ilikuwa sahihi, lakini ilitaka subira na sikio zuri. Kupima masafa makubwa kwa usahihi kulichukua kama dakika 10.

Hesabu ya kokoto

Kumbe kuna njia nyingine, na watoto wanaweza kuijaribu hapa hapa Dunga pasipo senti moja.

Chagueni mti uliochomekwa majini mahali penye usalama, mtu mzima akiwapo. Mtoto wa kwanza ashike saa. Wa pili akae na rundo la kokoto na kopo tupu. Mwenye saa akisema "Fungua!", kila wimbi linalougusa mti litiwe kokoto moja koponi. Dakika moja ikiisha aseme "Funga!" Hesabuni kokoto. Tuseme ni 20. Basi masafa ya mawimbi ya ziwa siku hiyo ni 20 kwa dakika.

Rudieni. Huenda safari hii mkapata 21, na hakuna aliyekosea. Ni kwamba mara hii lango lilifunguliwa wimbi likiwa karibu kufika, na lilipofungwa jingine lilikuwa limekwisha kupita. Kila hesabu ya namna hii ina shaka ya kokoto moja. Dawa yake ni kuliacha lango wazi kwa muda mrefu zaidi. Hesabuni kwa dakika 10 mpate, tuseme, 203. Shaka ni ile ile ya kokoto moja, lakini sasa imegawanywa kwa dakika 10. Mnajua kwamba ni 20.3 kwa dakika.

Jambo moja zaidi. Kokoto zikiwa nyingi, tumieni makopo kadhaa. Kopo la kwanza likifika kumi, limwageni na mtie kokoto moja katika kopo la pili. La pili likifika kumi, mwageni na mtie moja katika la tatu. Makopo matatu yanatosha kuhesabu hadi 999 bila kuhitaji kokoto elfu moja.

Hapo, mpenzi msomaji, umekwisha kuielewa mashine ya kuhesabu masafa. Ina saa, ina lango, na ina makopo ya kumi kumi. Kilichobaki ni kupata mtoto mwenye mkono mwepesi wa kutia kokoto milioni kadhaa kwa sekunde.

Valvu mbili zinazopokezana

Mtoto huyo alikuwa valvu. Wazee wetu wanazikumbuka valvu za redio za zamani: vichupa vya kioo vilivyotolewa hewa, vilivyowaka wekundu hafifu nyuma ya redio na kuifanya iwe na joto kama jiko. Ndani yake kuna kipande cha chuma kinachopashwa moto, kiitwacho kathodi. Kikipata joto hurusha chembe ndogo mno za umeme, elektroni, kuelekea bamba la pili liitwalo anodi. Katikati umewekwa wavu mwembamba wa waya, yaani gridi. Umeme kidogo tu katika wavu huo huzizuia elektroni au huziachia zipite. Mvuvi wa Dunga ataelewa, ingawa wavu wake hauwezi kufungwa na kufunguliwa mara milioni kwa sekunde.

Mwaka wa 1918 Waingereza wawili, William Eccles na Frank Jordan, waliomba hataza ya mtambo wa valvu mbili zilizounganishwa kwa namna ya pekee. Anodi ya kila moja iliunganishwa na gridi ya mwenzake. Valvu ya kwanza ikipitisha umeme, huifunga ya pili. Ya pili ikipitisha, huifunga ya kwanza. Ni kama watu wawili wanaotwanga katika kinu kimoja: mchi mmoja ukiwa juu, mwingine uko chini. Tofauti ni kwamba valvu hizi hutulia pale zilipo mpaka zisukumwe na pigo la umeme, ndipo zibadilishane zamu.

Faida yake iko wapi? Pigo la kwanza linaigeuza jozi. Pigo la pili linairudisha ilikoanzia, na inaporudi hutoa pigo moja la kupelekwa kwa jozi inayofuata. Mapigo mawili yameingia, moja limetoka. Jozi ya pili nayo hufanya vivyo hivyo, hivyo hutoa pigo moja kwa kila manne. Ya tatu, moja kwa kila manane. Ya nne, moja kwa kila kumi na sita.

Mwanafizikia wa Wales, Wynn-Williams, alilitumia wazo hili la mbili mbili akiwa Cambridge mwaka wa 1932. Yeye hakuwa anahesabu mawimbi ya redio bali chembe zitokazo katika vitu vyenye nururishi, ambazo zilikuja kwa kasi kuliko vihesabio vya magurudumu vilivyoweza kufuata. Valvu zake zilikuwa za aina yenye gesi ndani.

Lakini binadamu ana vidole kumi, si kumi na sita. Ndipo mafundi wakabuni hila. Waliyarudisha baadhi ya mapigo nyuma, kutoka jozi za mwisho hadi za mwanzo, ili hatua 6 zirukwe. Jozi nne ambazo zingehesabu kumi na sita zikawa zinarudi sifuri kila baada ya kumi. Hilo ndilo kopo letu. Panga makopo sita, moja la mamoja, moja la makumi, moja la mamia na kuendelea, nawe una mashine ya kuhesabu hadi 999,999.

Katika mashine za mwanzo kila kopo lilikuwa na safu ya vitaa kumi vya neoni vilivyoandikwa 0 hadi 9. Hesabu ikiendelea, vitaa vya mamoja vilimetameta mpaka jicho likashindwa. Hesabu ikisimama, kilibaki kitaa kimoja katika kila safu, nawe ukasoma namba. Baadaye, katikati ya miaka ya 1950, zikaja chupa za Nixie, ambazo ndani yake tarakimu zenyewe ziliwaka rangi ya machungwa.

Lango la sekunde moja

Sasa tumfikie mwenye saa, maana yeye ndiye anayebeba dhamana yote. Mhesabuji anaweza kuwa hodari wa namna gani, lakini lango likichelewa kufungwa, namba ni uongo.

Saa ya mashine hizi ilikuwa kipande cha fuwele ya kwatsi. Jiwe hili lina tabia ya ajabu: ukilipa umeme hutetemeka, na likikatwa kwa kipimo fulani hutetemeka kwa mwendo ule ule bila kuchoka. Mafundi walipenda jiwe la mitetemo 100,000 kwa sekunde. Kwa kuwa joto hubadilisha mwendo wake, liliwekwa ndani ya kijitanuri ambacho joto lake halipandi wala kushuka. Ndiyo maana mashine iliwashwa mapema na kuachwa ipate moto kabla ya kuaminiwa.

Kutoka mitetemo 100,000 hadi sekunde moja ni safari ya makopo matano tu. Gawanya kwa kumi: 10,000. Tena: 1,000. Tena: 100. Tena: 10. Tena: 1. Pigo la sekunde likigonga, lango linafunguliwa. Likigonga tena, linafungwa. Katikati, mapigo ya wimbi linalopimwa yamemiminika ndani yakahesabiwa.

Mwaka wa 1951 kampuni ya Hewlett-Packard ya Palo Alto, California, ilitoa mashine ya aina hii iliyoitwa 524A, iliyoweza kuhesabu hadi megahezi 10. Ile kazi ya dakika 10 ya kusikiliza mluzi na kupekua majedwali ikawa ya sekunde moja au mbili. Vituo vya redio vya Marekani, vilivyolazimishwa na sheria kukaa mahali pao, vilipata njia ya kujikagua kila wakati.

Haya, tuirudie 92.1 yetu. Mwanafunzi mwerevu atauliza: mashine yenye kikomo cha megahezi 10 itahesabuje 92.1? Jibu litamfurahisha mpiga nyatiti. Mafundi walichukua wimbi la megahezi 90 lililozalishwa kutokana na fuwele ile ile, wakalichanganya na lile linalopimwa. Kule kuyumba kwa nyuzi mbili kukazaliwa upya, na mwendo wake ni tofauti ya mawimbi hayo mawili. Toa 90 katika 92.1, inabaki 2.1. Mashine ikahesabu 2,100,000 katika sekunde moja, na fundi akajumlisha 90 zake. Kwa kituo cha FM kipimo hiki huchukuliwa vyema mtangazaji akiwa kimya, kwani sauti yake ndiyo inayolisukuma wimbi huku na huku.

Kwa mawimbi ya polepole, kama yale ya mti wetu majini, hila ilikuwa kinyume. Wimbi moja la ziwa ndilo lililofungua na kufunga lango, na kilichohesabiwa ni mitetemo ya fuwele iliyopita katikati. Badala ya kuuliza mawimbi mangapi kwa sekunde, unauliza sehemu ngapi za sekunde kwa wimbi moja.

Na fuwele yenyewe, nani aliikagua? Ililinganishwa na mawimbi ya vituo vya vipimo kama WWV cha Marekani, kilichoanza kutoa masafa ya kulinganishia mwaka wa 1923. Tangu mwaka wa 1967 sekunde yenyewe inahesabiwa kwa mitetemo 9,192,631,770 inayohusiana na atomu ya sizi. Hata mwenye saa ana mwenye saa wake.

Mvuvi anapata nini?

Katika miaka ya 1960 transista zilianza kuzifukuza valvu, na leo kazi ya kabati zima hufanywa na kipande kidogo kuliko punje ya mchele. Simu anayoitumia mchuuzi wa Dunga kuulizia bei mjini ina fuwele na makopo ya kuhesabia ndani yake, ingawa haioneshi vitaa.

Msidhani lakini kwamba haya ni mambo ya maabara. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limetaja makadirio kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hupoteza maisha katika Ziwa Victoria kila mwaka, wengi kwa dhoruba na mashua kupinduka. Mradi ulioitwa HIGHWAY, ulioanza mwaka wa 2017, ulizileta pamoja idara za hali ya hewa za Afrika Mashariki ili wavuvi wapate utabiri wa ziwa kwa maneno wanayoyaelewa, na redio ikawa mojawapo ya njia za kuufikisha.

Utabiri huo hufika tu ikiwa mlingoti na redio ndogo iliyofungwa kwa mpira ubavuni mwa mashua vinakubaliana juu ya namba moja. Kituo kikisogea kidogo, kinakwaruza. Kikisogea zaidi, kinamkanyaga jirani yake. Ndiyo sababu Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hugawa masafa kama viwanja, na ndiyo sababu kila kiwanja huhitaji mpimaji.

Kuna somo jingine ufuoni. Mtu akikuambia, "Leo tumepata samaki hamsini," usishangilie wala usisikitike bado. Muulize kwanza: kwa usiku mmoja au kwa wiki? Kwa mashua moja au kwa kumi? Mabishano mengi kuhusu kupungua kwa samaki katika ziwa hili hayana mwisho kwa sababu watu hutaja kokoto bila kutaja lango. Wale wanaofuatilia hali ya samaki huandika vyote viwili, mavuno na muda uliotumika kuyapata, na hapo tu ndipo mwaka huu unapoweza kulinganishwa na mwaka jana.

Ukienda Dunga

Nenda asubuhi mapema wavuvi wanaporejea, au jioni jua likielekea upande wa pili wa ghuba. Beba saa yenye mshale wa sekunde, makopo matatu na kiredio kidogo. Wavuvi wana kamati yao ya ufuo, kwa hiyo jitambulisheni kabla ya kupanda mashua au kupiga picha, na asiingie mtu majini bila jaketi la kuokolea. Viboko si wa hadithini.

Watoto wakishahesabu mawimbi, wapeni kiredio wazungushe mpaka sauti itulie. Kisha waagizieni ngege wa kukaanga na ugali, na waulizeni, kabla chakula hakijafika, ni mawimbi mangapi yameingia katika redio hiyo tangu walipoketi. Karatasi na penseli zitahitajika.